Jumapili Nane Ndani ya Gari

Jumapili ya kwanza nilivaa viatu vya kisigino. Heber alikuwa ameniambia, "Jumapili nakutoa matembezi," na mimi, Mkuba wa Holguín, nikisikia matembezi najua kuna muziki, kuna watu, kuna mahali pa kucheza mpaka jasho likutoke. Nikapaka rangi ya mdomo. Odalmis, dada yangu, akaniazima hereni zake. Heber akaja na gari lake dogo la kijani, tukaenda mpaka barabara ya pwani, akaliegesha likitazama maji, akazima injini. Nikashika kitasa nishuke. Akaniuliza naenda wapi.

"Si tumefika?"

"Tumefika," akasema, akatoa themosi.

Basi hayo ndiyo yalikuwa matembezi. Tulikaa mle ndani saa tatu nzima, vioo vimefungwa, upepo wa Julai ukilitikisa gari, tunatazama maji ya kahawia ya mto ambao watu wa Montevideo wanauita bahari na hutawaambia kitu. Kulia kwetu gari lenye mume na mke wanakunywa mate, ile chai chungu ya kwao. Kushoto gari lenye mzee na mbwa wake, naye mzee anakunywa mate. Hakuna anayeshuka, hakuna anayepiga muziki. Heber alijaza maji ya moto kwenye kibuyu, akafyonza kwa mrija wa chuma, akajaza tena akanipa, na kila nilipokunja uso kwa uchungu wa yale majani alitabasamu bila kunitazama. Nilikuwa na miezi mitano tu nchini, nikajiambia labda ni mara moja. Haikuwa mara moja.

Jumapili ya pili tulikwenda palepale. Ya tatu tulisogea mbele kidogo, kwa sababu, alisema, pale mwonekano ni tofauti. Nilitazama sana nisione tofauti. Ya nne alinipeleka mji wa pwani wa mbali, mwendo wa saa moja na nusu, nami nikafurahi nikavaa vizuri, kumbe wakati wa baridi mji ule wote hufungwa: hoteli, mikahawa, hata gurudumu la kubembea lilikuwa limefunikwa turubai. Tukala sandwichi garini na kurudi.

Mtu ataniuliza nilikuwa nafuata nini. Nilikuwa nampenda, ndiyo hivyo. Nilimpenda tangu Mei, alipokuja kutengeneza lifti kwenye nyumba ya kutunzia wazee nilikokuwa nafanya kazi. Kwetu nilisomea tiba ya viungo. Pale nilikuwa nikiwaogesha wazee na kuwalisha, na sikulalamika, wazee wale walinipa upendo na mmoja alinipa hata koti. Heber alitengeneza lifti siku ya kwanza. Siku ya pili akarudi bila kuitwa. Siku ya tatu yule mzee wa koti akamwambia mbele ya watu wote kwamba lifti haina ubovu, mbovu ni fundi. Heber aliona haya mpaka masikio yakawa mekundu, mwanamume wa miaka arobaini na moja, mrefu, mwenye mikono mikubwa yenye alama za grisi ambazo hazitoki hata akisugua vipi. Nikayatazama yale masikio, nikajua nimekwisha.

Na mle garini, nisiwe mwongo, kulikuwa na utamu wake. Vidole vyangu vikifa ganzi alivichukua kimoja kimoja na kuvipasha kwenye kibuyu. Nilimwambia mambo ya mama yangu ambayo hata Odalmis sijamwambia. Kuna nyakati aligeuza uso akanitazama kwa muda mrefu, macho yale ya kijivu yakitulia kwangu, nami nikasahau baridi, nikasahau kisigino. Halafu saa moja ingefika, angewasha injini, na kunirudisha kwenye chumba chetu chenye ukungu ukutani.

Kilichoniudhi hakikuwa gari lenyewe. Kilichoniudhi ni kwamba alikuja kunichukua saa kumi jioni, akinukia mchuzi.

Katika nchi ile, Jumapili saa saba mchana kila mtu ana meza. Mama anasukuma tambi kwa mkono, mchuzi wa nyama unachemka tangu asubuhi, na watoto, hata wenye mvi, wanafika na chupa ya mvinyo kwapani. Mwanamke akishakaa kwenye meza hiyo ni wa familia. Asipokaa, hata apendwe vipi, ni wa pembeni. Hili nililielewa mapema, maana wenzangu kazini hawakuwa na mazungumzo mengine Jumatatu. Heber, aliyekuwa akiishi na mama yake, alikula naye kila Jumapili, akafuta mdomo, akaja kunichukua. Nilipomuuliza alisema mama yake bado hayuko tayari kuniona. Alimpenda sana Lorena, mkewe wa zamani. Nimpe muda.

Nikampa. Kisha Jumapili ya sita tulikwenda soko la mitaani, lile la vitu vikuukuu, na kwa mara ya kwanza tulitembea kwa miguu kama watu. Tulishikana mikono kati ya meza za funguo zenye kutu na vizimba vya kanari, nami nilikuwa na furaha ya kijinga. Bibi mmoja mwenye mkokoteni wa ununuzi akamwita kwa jina. Alikuwa jirani wa mama yake. Heber akauachia mkono wangu. Hakuuachia kwa ghafula, aliuachia polepole, kana kwamba alitaka kutoa leso mfukoni, na leso hakuitoa.

Nilimsimulia Odalmis usiku ule. Dada yangu hana subira na mtu yeyote.

"Mdogo wangu," akasema, "mwanamume anayekuweka garini anaogopa uonekane. Wewe si mwizi, kwa nini usionekane?"

Wiki iliyofuata Odalmis akapata kazi Curitiba, upande wa Brazili, kwenye kliniki ya tiba ya viungo, na kulikuwa na nafasi mbili. Basi lingeondoka Jumanne ya wiki ya pili yake. Akanipa mpaka jioni ya Jumapili ya mwisho kabla ya safari nimpe jibu, kata tiketi yangu au usikate, na akasema hatanisihi.

Jumapili ya nane nilimwambia Heber. Gari likitazama maji, kama kawaida.

"Ni kazi uliyosomea," akasema.

"Ndiyo."

"Basi ni nzuri."

"Heber, sikukuuliza kama ni nzuri."

Akajaza kibuyu. Akanywa mpaka mrija ukakoroma. Nilikuwa na hasira ambayo ingeweza kuyapasha moto maji yote yale ya mbele yetu.

"Sitaki pete," nikamwambia. "Sitaki nyumba. Nataka kukaa meza moja na mama yako Jumapili moja, anione, aniambie hanitaki kwa mdomo wake mwenyewe. Nikishindwa nitashindwa nikiwa nimekaa kwenye kiti. Lakini ya garini imenitosha. Ukinipeleka, nabaki. Usiponipeleka, naondoka na dada yangu."

Kisha akauchukua mkono wangu, akautia pamoja na wake ndani ya mfuko wa koti lake, akaushikilia humo.

"Jumapili ijayo," akasema. "Saa saba. Nitakuja kukuchukua."

Nilimwamini. Wiki ile nilikuwa mwepesi, wazee wakanitania. Jumamosi nilipika pudini ya mayai ya kwetu, ile ya karameli, katika sufuria ya kuazima, na Odalmis mwenyewe, pamoja na ukali wake, alinipigia pasi gauni.

Jumapili kukacha na mvua. Si manyunyu, ilikuwa mvua ya upepo, ya kugonga vioo. Saa sita na nusu nilikuwa tayari, pudini imefungwa kitambaa magotini. Saa saba Heber hakuja. Saa saba na nusu nikampigia, simu ikaita mpaka ikakata. Saa nane Odalmis alikuwa amekaa kitandani ananitazama, na huruma yake iliniumiza kuliko kama angenisema. Nikasimama, nikavaa koti la mzee, nikachukua pudini yangu.

"Unakwenda wapi?"

"Kuambiwa hanitaki," nikasema. "Lakini nitaambiwa usoni."

Nyumba ya mama yake Heber niliijua. Alinionyesha siku moja tulipopita, bila kupunguza mwendo. Kituoni nilikuwa peke yangu. Basi lilipofika lilikuwa tupu, na dereva alinitazama nilivyolowa, akaniuliza kwa upole kama nina mgonjwa hospitali. Nikasema nakwenda kula. Akatikisa kichwa, sikumwelewa. Njia nzima sikuona mtu barabarani, mji mkubwa ule umejifungia ndani kama kuna msiba wa kitaifa.

Mlango ulifunguliwa na mwanamke mfupi mwenye nywele nyeupe, kavaa gauni la kulalia na sweta juu yake, mikono imejaa unga. Nyuma yake kulinukia mafuta ya ng'ombe na kitu kinachokaangwa. Alinitazama juu mpaka chini.

"Mwanangu, na mvua hii?" akasema. "Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, Doña Zulma," nikamwambia mama yake Heber kwa heshima. "Mimi ni Dayamí."

"Najua wewe ni Dayamí, nimekuona kwenye simu ya Heber. Ingia, utapata nimonia mlangoni kwangu."

Akanivua koti mwenyewe, akanisukuma mpaka jikoni mbele ya jiko, akanipa taulo. Nikasema, meno yakigongana, kwamba nimekuja kwa chakula cha saa saba, kama Heber alivyoniambia. Akatazama nje ya dirisha, akanitazama mimi.

"Lakini inanyesha," akasema taratibu, kama anayemweleza mtoto.

Ndipo nikaelezwa. Huko mvua ikinyesha hakuna anayekwenda kwa mtu. Chakula cha mchana, miadi ya daktari, siku ya kuzaliwa, yote yanakufa yenyewe, na hakuna anayepiga simu kusema hayapo, kwa kuwa si inanyesha? Kila mtu anabaki kwake anakaanga torta frita, vile vikate vya duara vyenye tundu katikati, na kesho yake maisha yanaendelea. Miezi yote ile hakuna aliyeniambia. Nani anakumbuka kukuambia jambo ambalo kila mtu analijua?

Nikacheka. Nilikaa pale jikoni na taulo kichwani nikacheka mpaka machozi, kwa sababu basi hakunitupa. Hakunitupa, ilikuwa mvua tu. Mzigo wa wiki nane ulinitoka mabegani kwa mara moja. Doña Zulma naye akacheka, akageuza vikate vyake kwenye mafuta, akaipokea pudini, akaifunua na kuisifu.

"Nami nimefurahi," akasema. "Nimefurahi kwamba hatimaye umekubali kuja."

"Nimekubali?"

"Heber anasema hupendi mambo ya kifamilia. Si kosa, watu hatufanani. Ila mimi ni mkaidi. Kila Jumapili natengeneza tambi za watu watatu, naweka sahani ya tatu, na kila Jumapili namuuliza, ananiambia umechoka, umelala, wiki ijayo. Naiondoa."

Kicheko kikanikauka. Nilimwambia, na sauti yangu ilikuwa ndogo, kwamba mimi niliambiwa yeye ndiye asiyetaka kuniona. Kwa sababu ya Lorena.

"Lorena?" Akaweka uma chini. "Lorena ana watoto wawili na mume mwingine, na soksi za wa kwanza nilizifuma mimi. Lorena anaingiaje hapa?"

Heber alikuwa amesimama mlangoni. Sijui alifika lini. Alikuwa na ndala na nywele za mtu aliyeamka sasa hivi, na alinitazama kwa macho yale yale ya kijivu ambayo kwa Jumapili nane nilidhani nayajua. Kwanza nikaona furaha ndani yake, kweli niliiona. Kisha akamtazama mama yake, akaelewa.

"Mama, tuachie kidogo."

"Jiko ni langu," akasema Doña Zulma, akarudi kukaanga, ametupa mgongo.

Basi tukagombana kwa sauti ya chini, mbele ya mgongo wa mama yake. Nilimuuliza kwa nini. Alisugua alama za grisi kwenye vidole vyake. Nilimuuliza tena.

"Kila Mkuba niliyemjua ameondoka," akasema. "Wote. Mnakuja, mnapumzika mwaka mmoja, kuna binamu mahali fulani, mnaendelea. Siwalaumu. Lakini ukishakaa humu, mama atakuzoea. Nami nitakuzoea humu. Garini ukiondoka linabaki gari. Hapa ukiondoka kinabaki kiti."

"Kwa hiyo ukanificha ili usiumie."

"Niliona ni afadhali hivyo."

"Kwako. Mimi sikuulizwa, wala mama yako." "Ukatufanya sote wawili tuone tumekataliwa. Ukala tambi zake na kunywa mate na mimi, ukatudanganya saa saba na saa kumi, siku moja."

Kulikuwa na swali moja lililobaki na sikutaka kuliuliza, nikaliuliza.

"Leo asubuhi, ulipoona mvua. Ulijisikiaje?"

Angeweza kunidanganya mara moja zaidi, na mara hiyo ningemsamehe.

"Nilishusha pumzi," akasema.

Doña Zulma akazima jiko. Akaweka sahani tatu mezani, akamwaga sukari juu ya vikate, akanivutia kiti. "Kaa ule, mwanangu. Chakula hakina kosa." Nikakaa kwa ajili yake. Tulikula watatu, nami nilimeza kila tonge na machozi, na Mungu anisamehe, vilikuwa vitamu. Bibi yule aliniwekea cha pili, akanishika kidevu akanitazama, na hakuniambia chochote kuhusu mwanawe, mbaya wala mzuri. Nilipovaa koti alimwambia Heber anipeleke na gari. Nikasema asante, nitapanda basi.

Heber alinifuata mpaka kituoni, na mwavuli wa mama yake wa maua. Hatukukaa chini yake sote, alinikinga mimi, yeye akalowa. Barabara ilikuwa tupu. Tulisimama karibu kiasi kwamba niliisikia pumzi yake, na mwili wangu, msaliti, bado ulikuwa unamtaka.

"Bado sijamjibu Odalmis," nikamwambia. "Sijakata tiketi. Unanisikia? Hata baada ya haya, bado sijakata. Ananisubiri. Niambie nimjibu nini."

Alinitazama. Midomo yake ilifunguka, nikaona neno limefika pale, neno dogo kabisa, nililiona. Mwanamume aliyeweza kuingia kwenye shimo la lifti la ghorofa kumi akining'inia kwa waya, akalimeza.

"Siwezi kukuamulia maisha yako, Dayamí."

"Sikukuomba uniamulie. Nimekuomba uniambie unataka nini."

Basi likatokea kwenye kona, taa zimewaka, tupu kama lile la kwanza. Likasimama mbele yetu, mlango ukafunguka. Nilisubiri. Dereva naye alisubiri, akitutazama. Heber akasogeza mwavuli ili maji yasinidondokee shingoni, kwa uangalifu, kama alivyokuwa akivipasha vidole vyangu.

"Panda," akasema. "Utalowa."

Nikapanda. Nilikaa upande usiotazama kituo, nikatoa simu, nikampigia dada yangu. Aliitika kabla haijaita mara ya pili.

"Kata mbili," nikamwambia.